Samaki ya Chini ni ya Nyumba

Bunia, Mudzipela, tarehe 12 mwezi wa kwanza 2003

Yaya Prudent,

Salamu nyingi kaka yangu, na pole na kazi za Kampala, ingawa najua umevaa lile koti uliloninyima. Barua hii iko mukononi mwa Mama Christella, jirani yetu. Anashuka Kasenyi kesho kutafuta mutumbwi wa kuvuka ziwa mpaka Ntoroko, upande wa Uganda. Akikufikia, mupe sabuni, usimupe maneno matamu tu.

Mashini yako imefika nzima. Iko kwenye chumba cha nyuma cha radio, karibu na batri za panneau ya jua. Nilipofungua programu yako nilicheka. Nilifikiri nitaona maandishi ya kunipasua kichwa, kumbe ni visanduku na nyuzi: kisanduku cha kurekodi, uzi, kisanduku cha kushika, uzi, kisanduku cha kutoa, kisha antene. Sauti inapita mule kama maji kwenye mupira.

Watu wanakuya kila siku juu ya komunike, yale matangazo yao ya radio. Mumoja anatafuta mutoto, mwingine anataka ndugu wajue kama iko muzima. Nimefuata masharti yako, hakuna jina la mutu ndani ya mashini. Kila ujumbe ni nukta moja kwenye kioo, na ndani ya nukta mumejaa vitu vitatu tu: saa, urefu, na sauti yenyewe. Wenye bunduki wakikuya kuuliza nani alisema nini, wahesabu nukta mpaka wachoke. Nikisha kubonyeza, nagonga meza kwa kidole, tok, ili mutu ajue aanze kusema. Kwa hiyo kila ujumbe wetu unaanza na tok, hata ukitaka kuikata ile tok, haitoki muzuri.

Wa kwanza kabisa kusema alikuwa Mama. Alisema anajaribu mashini ya mutoto wake. Nilibonyeza, na kabla sijagonga meza akaniangalia mpaka nikatoka inje, akafunga mulango. Alikaa mule muda murefu kuliko kujaribu. Alipofungua alisema maneno yale ni yako, utayasikia siku utakapokuya, na mimi nisiyaguse. Kisha akataka kujua sauti yake imekaa wapi. Nilimuonyesha nukta yake, nikamuambia wengine wote watakaa juu yake. Akafurahi. "Vizuri," akasema. "Samaki ya chini ni ya nyumba." Unajua vile anavyopanga kikapu yake: samaki bora inaingia kwanza, anauza ya juu, na ile ya chini inarudi kwetu hata muteja alie.

Sasa tatizo. Mashini inatoa ujumbe wa leo kwanza. Wa jana unangoja, wa juzi unangoja zaidi. Watu waliokuya mapema wananiuliza kama nimewameza. Nimekosea wapi?

Ni mimi ndogo yako,
Pétronille

*

Kampala, tarehe 2 mwezi wa pili 2003

Pétronille ndogo yangu,

Sabuni nimetoa, tena mbili. Mama Christella alizinusa zote kabla ya kuchagua, kisha akazichukua zote.

Nimecheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Mimi nilitaka mulongo, weye umeunda kikapu. Mulongo ni kama watu kwenye bomba la maji: aliyefika kwanza anachota kwanza. Kwenye kikapu, aliyeingia mwisho anatoka kwanza, na wa chini hatoki mpaka juu yake pakwishe. Mashini haina kosa. Ni mukono wa binti ya muuza samaki.

Kutengeneza ni kazi ndogo. Kile kisanduku cha kushika kina matundu mawili juu. Chomoa uzi kwenye tundu la kulia, uuchomeke la kushoto. Basi, umepata mulongo. Ujumbe ukishasikika unatoka, na nukta yake inazimika kwenye kioo.

Usifikiri kikapu haina faida. Kwenye kazi yetu ya sauti tunaitumia tukitaka kurudi nyuma. Umepita hapa, kisha hapa, kisha hapa. Kikapu inakurudisha hatua kwa hatua mpaka pale ulipoanzia. Lakini komunike haziko za kurudi nyuma. Mutu amepotea leo, na yule aliyepotea mwezi uliopita naye anatafutwa bado. Wapange kwa haki.

Ukishageuza uzi, Mama atatoka wa kwanza, juu ya kuwa ndiye aliyefika kwanza. Umuombe ruhusa basi. Au uniandikie tu alichosema, sitamuambia. Na juu ya nini hakuweka hata neno moja kwenye barua yako? Kila mara anaongeza kitu pale chini: nile, nisali, nisioe Kampala.

Yaya yako,
Prudent

*

Bunia, tarehe 3 mwezi wa tatu 2003

Yaya,

Inaletwa tena na Mama Christella. Usimuulize mengi, amechoka na barabara.

Uzi sijaugeuza. Usikasirike. Watu wamezoea vile iko. Mutu akipotezana na watu wake leo asubuhi, anataka asikike leo, na mimi siwezi kumuambia angoje nyuma ya harusi za mwezi wa kwanza. Acha ibaki kikapu.

Mama ni mugonjwa kidogo. Miguu tu. Iko Marabo kwa shangazi, anapumzika, ndiyo maana hajaongeza neno. Usikuye. Barabara haiko muzuri na hakuna sababu.

Nikuambie kitu kingine, juu kinanikaa moyoni. Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi na kulisikika risasi upande wa soko. Hakuna mutu aliyekuya kusema. Mashini ilimaliza ujumbe wa jana na juzi, kisha ikatia mukono chini. Nilikuwa nachambua maharagwe pale mulangoni. Nikasikia tok, na sauti ya Alphonse, yule fundi wa baisikeli, anamusalimia bibi yake kwa furaha, anasema asiwe na wasiwasi, anarudi na unga, apike tu maji. Yaya, Alphonse tulimuzika mwisho wa mwezi wa kwanza. Nilikuwepo. Nilitupa udongo.

Mvua haijakatika, bibi yake alikuwa amefika. Hakulia. Alikuwa na sufuria ya maji ya moto, ameishika na kitenge. Aliniomba nimufungulie chumba cha nyuma. Nilifungua, ningefanya nini? Aliangalia nyuma ya mashini, akainama chini ya meza, akagusa ukuta. Akaniuliza kama nimemupa bwana yake pa kulala. Nilimuambia hakuna mutu, ni sauti ya zamani tu. Akasema sauti ya zamani haijui kama leo nyumba iko na njaa. Aliacha sufuria juu ya meza akaenda. Mpaka leo sijairudisha, nashindwa kufika kwake.

Tangu siku ile sitaki kikapu ifike chini. Watu wakikosa, ninasema mwenyewe. Nasoma bei ya muhogo, bei ya mafuta, natuma salamu kwa kila mutaa. Wengine wanafikiri nimepata mushahara.

Pétronille

*

Kampala, tarehe 27 mwezi wa tatu 2003

Pétronille,

Miguu? Mama alitembea Kasenyi na kurudi na kikapu kichwani miaka yote na hatujasikia mguu wake ukilalamika.

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Najua vile watu wetu wanavyofanya. Kifo hakiandikwi. Kinapelekwa kwa mudomo na mukubwa wa jamaa, uso kwa uso, na aliye mbali anaandikiwa tu: ni mugonjwa kidogo, kuya haraka. Kila mutu anaelewa, anafunga muzigo huku analia. Lakini weye umeandika: ni mugonjwa kidogo, usikuye. Hapo ndipo nakosa usingizi. Nimejiambia kama ingekuwa ile habari, ungeniita. Basi ni miguu kweli. Niambie ni miguu kweli.

Na ile ya Alphonse, usiogope. Mashini haijui nani iko hai. Inajua juu na chini tu. Ningekuwa pale ningegeuza ule uzi kwa mukono wangu, na ninataka kuwa pale. Pasaka nakuya.

Prudent

*

Bunia, tarehe 4 mwezi wa tano 2003

Yaya,

Namushukuru Mungu hukukuya Pasaka. Mama Christella aliniambia ulifika mpaka ziwani ukakosa mutumbwi. Nilipiga magoti pale pale sokoni.

Askari Waganda wanafunga mizigo, na kila mutu anajua kitakachofuata. Juzi walifika radio wanaume wawili wenye bunduki. Walitaka majina. Niliwaonyesha kioo, nukta tupu. Mumoja alikasirika, mwingine akavutiwa. Alipitisha kidole juu ya kioo polepole, kutoka juu kushuka, mpaka akafika kwenye nukta ya Mama, ile ya chini kabisa, iko peke yake. Akaniuliza huyu ni nani. Nilimuambia hakuna mutu, ni kujaribu mashini tu. "Huyu anatuangalia," akasema, na akatoa kidole haraka sawa vile ameungua. Waliondoka bila kuchukua kitu. Nilibaki nimesimama, na mimi nikaona anatuangalia.

Kesho naondoka na wengine kwa mguu upande wa Beni. Mashini naiacha wazi. Jua litaiamsha kila asubuhi na itasema mpaka batri zichoke. Usinitafute Bunia, sitakuwepo. Rudi Kampala. Na nakuomba kitu kimoja kama dada: usisikilize radio yetu. Mama anakusalimia.

Barua hii inabebwa na jamaa mumoja wa Mahagi, simujui jina.

Pétronille

*

Ntoroko, ng'ambo ya ziwa, tarehe 25 mwezi wa tano 2003

Pétronille,

Sijarudi Kampala, na radio nimeisikiliza. Ulitegemea nini? Antene yenu iko kilimani. Hewa ya ziwa ikiwa safi, asubuhi inafika mpaka huku. Niko kwenye kibanda cha muvuvi anayeitwa Eugène, naye pia amekimbia Kasenyi. Radio yake ni ndogo, imefungwa na mupira. Kila asubuhi wakimbizi wanakuya kukaa chini mbele ya mulango.

Siku za kwanza ilikuwa weye, unasoma bei ya muhogo. Watu walicheka, nani atanunua muhogo sasa. Kisha kikapu ikaanza kushuka. Mwezi wa ine, mwezi wa tatu. Tok, mutu anatafuta mutoto wake. Tok, yule mutoto mwenyewe anacheka kwenye harusi ya shangazi yake. Kadiri inavyoshuka, ndivyo watu wanavyopatana tena. Waliopotea wako nyumbani, wagonjwa wanapona, mbuzi aliyeliwa anauzwa. Bibi mumoja hapa alisikia sauti yake mwenyewe inaagiza sare za shule za watoto wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza yule mama ni nani, mbona anajisifu hivi.

Nilikuwa tayari kwa Mama. Ilibaki kidogo, tulikuwa tumefika mwezi wa kwanza. Kesho yake nikafungua, tok, na mwanaume anasema kwa sauti ya chini kwamba nyumba za nyuma ya soko zimeungua juzi, Waganda wakisha kuondoka, na iko na watoto watatu wasio wake. Juzi, Pétronille. Watu hapa wakainuka wakakaa mbali na radio. Wanasema muji hauna mutu, na maiti wameanza kurekodi. Mimi niliwaacha waogope. Nilisikia ile tok. Ni kidole chako.

Kwa hiyo hukuenda Beni. Umebaki mule, unafungua dirisha, unapokea sauti za watu waliofichama, unaziweka juu, na kila siku moja mupya inamufunika Mama. Sitakuuliza tena juu ya miguu. Nataka kitu kimoja tu. Usiache. Ukikosa watu, soma bei ya muhogo, imba, gonga meza tu. Siku ambayo sitamusikia Mama, nitajua unapumua. Siku nitakayomusikia, nitajua hakuna mukono tena.

Eugène anavuka kesho kutafuta nyavu zake. Ameapa atafika mpaka dirishani kwako.

Prudent

*

Ntoroko, tarehe 12 mwezi wa sita 2003

Pétronille,

Eugène hakurudi. Mutumbwi wake uliletwa na maji. Sijui kama barua yangu ilikufikia, na hii sina wa kumupa, lakini sijui kufanya kingine.

Jumamosi nilifungua radio. Nilingoja tok. Haikuya. Nilisikia kiti kinavutwa, mulango unafungwa, na mutu anapumua. Nilielewa kabla hajasema. Nilitaka kuzima, mukono ukakataa.

Nakuandikia maneno yake vile yalivyo, juu naona hukuyasikia.

"Prudent, ni mimi mama yako. Nimekufa. Nakuambia mwenyewe juu baba yako haiko na hakuna mukubwa mwingine wa kukuambia. Nina uvimbe ndani ya tumbo tangu mvua za mwaka jana. Dada yako hajui bado, nitamuambia siku zikikaribia. Nitamuamuru akudanganye, asikuite, juu ukikuya kunizika watakuua njiani. Usimukasirikie. Atasema ni miguu, hajui kudanganya. Kunyoa nywele utanyoa kule kule uliko. Kisha ukuye umuchukue, watu wakiacha kupigana. Usimuache peke yake na mashini hii. Samaki ya chini ni ya nyumba. Sasa mimi nafungua mulango, amesimama pale inje kwenye jua, ananiangalia kwenye dirisha kama mutoto mudogo."

Mulango ukafunguka. Kisha hakuna kitu. Radio ilivuma tu, sss, mpaka jua likaenda. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu hivyo hivyo. Wakimbizi wameacha kukuya. Mimi ninakaa pale na ule muvumo, na kuna saa naona kama kuna kidole ndani yake kinachotafuta meza.

Nimenyoa. Muzee aliyenishikia wembe aliniuliza ni juu ya nani. Nilimuambia ni juu ya watu wawili. Akanipitishia wembe mara ya pili.

Mama alisema nisikuache, na mimi nilikaa ng'ambo nikihesabu sauti. Ningevuka mwezi wa tatu ungekuwa Kampala sasa, umevaa koti langu. Nisamehe, ndogo yangu.

Prudent

*

Bunia, tarehe 5 mwezi wa sita 2003

Yaya Prudent,

Watu waliotoka ziwani wanasema kuna mutu wa Kampala anakaa Ntoroko na radio kwenye sikio, hali chakula, anauliza kila mutumbwi. Nilijua ni weye. Kichwa ngumu.

Mama alikufa mwanzo wa mwezi wa pili, hapa hapa nyumbani, si Marabo. Tulimuzika nyuma ya jikoni, haraka. Aliniapisha nisikuite. Nimeandika sasa, nimevunja desturi, lakini nafikiri barua hii itafika nyuma ya Mama mwenyewe kukuambia. Leo sijaongeza sauti. Waliofichama wamehama, na mimi nimechoka kumufunika. Kila nilipoweka mutu juu yake niliona kama natupa udongo tena. Vilivyobaki juu yake ni vichache, jua la siku mbili litavimaliza. Akuambie yeye. Mimi sijawahi kusikia alichosema.

Natoka na nguo nilizovaa na ile sufuria ya mujane wa Alphonse, juu nilimukuta hayuko na mulango uko wazi. Napita maporini, polepole, si barabara. Ukisha kumusikia Mama, usilie sana. Anza kuangalia mitumbwi.

Nimezunguka mutaa wote nikitafuta mutu wa kubeba barua hii na sijapata. Basi inaletwa na mimi mwenyewe. Nikikukuta umelala, nitagonga meza.

Pétronille